Ekari Mbili Zilizopotelea Mguuni mwa Gervas

Ukimwuliza mtu yeyote wa Dakawa ekari ni kiasi gani, atakujibu bila kuinua kichwa: hatua sabini kwa hatua sabini. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza hatua za nani. Nanunua mpunga kwenye majaruba yale, vipande vya skimu ya umwagiliaji vilivyozungukwa na matuta, huu mwaka wa kumi na nne, na nimeshaona watu wazima wakikunjana mashati kwa ajili ya urefu wa mguu wa mtu mmoja. Mguu wenyewe ni wa Gervas, msimamizi wa shamba la Hafidhi. Gervas akisimama wima anaonekana kutoka barabarani, na akipima shamba hatembei kama anavyotembea akienda kula. Anautupa mguu kama mtu anayevuka mtaro, anatulia, anautupa mwingine. Ekari yake inatoka kubwa, na kibarua analipwa kwa ekari.

Ndiyo maana vibarua wa pale wana desturi yao. Upande mmoja wa ekari anapima mtu wa mwenye shamba, upande wa pili anapima mtu wa vibarua. Wanaiita mguu kwa mguu. Haijaandikwa popote. Aliyeishikilia msimu hadi msimu, wengine wakichoka kugombana, ni Pili Mansuri wa Bigwa. Habari yake ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu mwaka huu nilimwona akifanya biashara bila kushika hata gunia, na mimi ambaye biashara ndiyo kazi yangu nilikaa kwenye tuta nikasahau nilichofuata.

Pili ni mfupi, mpana wa mabega, anakaribia miaka hamsini. Aliolewa, akaachwa na mtoto mmoja, Dadi, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki mjini. Alipoachwa alianza kupanda mlimani alfajiri, anachukua karoti na kabichi kwa wakulima wa juu, anashuka nazo sokoni Morogoro. Miaka sita ya kabichi ilimfundisha kitu ambacho wengi wetu tumekilipia ghali: kabla hujataja bei, angalia mzigo wa nani utaharibika kwanza. Mgongo ulipomkatalia mlima, akageukia Dakawa kupandikiza mpunga. Leo ana kundi la wanawake kumi na wanne, nusu Waislamu wa Bigwa, nusu Wakatoliki wa vijiji vya juu. Msimu wa miche wanapanga chumba Dakawa, wanalala kwa zamu ya mikeka, na Pili ndiye anayeongea na wenye mashamba. Wao wanainama, yeye anaongea, kisha naye anainama. Hajawahi kukaa kivulini wenzake wakiwa majini, na hiyo ndiyo sababu wanamvumilia mdomo wake.

Jumatatu ile nilikuwa nimekwenda kwa Hafidhi kuweka oda ya mpunga mapema. Nikamkuta Pili na wanawake wake wamesimama kando ya mfereji na vifurushi vyao, hawajavua hata kandambili. Ndani ya shamba, watu kumi na mmoja nisiowajua walikuwa wameinama wanapandikiza, wanaume kwa wanawake, kimya.

"Gervas," Pili akaita. "Hao ni wageni wa harusi?"

Gervas akaja taratibu, anacheka kwa upande. "Shikamoo mama Dadi. Mwaka huu bosi kapata watu wake."

"Marahaba. Kwa bei gani?"

"Elfu sitini ekari."

Msimu uliopita kundi la Pili lilipandikiza shamba lilelile kwa laki moja na ishirini ekari. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Hafidhi huwa wa kwanza kupandikiza pale. Bei anayoanza nayo yeye ndiyo bei ya kila shamba mpaka mwisho wa msimu. Akimaliza kwa sitini, Pili hana msimu, na kundi alilolijenga kwa miaka tisa linavunjika, kila mtu anarudi kwao kutafuta cha kufanya.

Tukaenda kwa mama lishe jirani na mfereji. Hapo moto ukawaka. Raya, mdogo wa kundi kwa kimo na mkubwa kwa sauti, alishatoa simu.

"Wale ni Warundi," akasema. "Wamepitia Kigoma, hawana karatasi hata moja. Namba ya Uhamiaji ninayo hapa. Ndani ya saa mbili gari limefika, shamba liko wazi, tunaingia."

"Raya, na wao wanatafuta," akasema Catherine, mwanamke wa mlimani, mpole.

"Nani kakataa? Watafute kwao. Mimi nikienda kwao bila karatasi watanipikia pilau?"

"Usiwafanye kama ng'ombe waliovunja zizi."

"Ng'ombe ana chanjo na hereni ya sikioni, Catherine. Hawa wana nini?"

Watu wakacheka, hata Catherine mwenyewe. Lakini kicheko hakikuondoa hoja. Raya alikuwa na haki yake: sheria ipo, ada ya mtoto wake ipo, na kazi ilikuwa imechukuliwa mbele ya macho yake. Mama lishe naye akatia neno, kwamba hao wageni hawanunui hata chai, wanakula mihogo waliyokuja nayo. Mwingine akasema kosa ni la Hafidhi. Mwingine akasema Hafidhi ni mfanyabiashara, ungekuwa wewe ungelipa laki na ishirini wakati kuna sitini? Mimi niliguna tu. Ningelipa sitini, na sioni faida ya kusema uongo.

Pili alikuwa anakula. Alipomaliza akafuta mikono.

"Raya, ukipiga simu utafurahi siku ngapi?"

"Kwani furaha inahesabiwa?"

"Inahesabiwa. Utafurahi leo. Keshokutwa Hafidhi ataleta wengine, sijui kutoka wapi, kwa sitini hiyohiyo. Ameshajua inawezekana. Utapiga simu tena? Utakuwa mwajiriwa wa Uhamiaji bila mshahara?"

"Sasa tufanye nini, tuwapigie makofi?"

"Nipe mpaka kesho asubuhi. Nikishindwa, piga. Sitakushika mkono."

Raya akaiweka simu kifuani. "Kesho asubuhi. Saa moja na dakika moja napiga."

Pili akavua kandambili, akapandisha khanga, akaingia jarubani. Hakumwomba ruhusa mtu. Akachukua kishada cha miche, akasimama kwenye mstari kando ya mwanamke aliyeonekana kuwa ndiye kiongozi wao, akaanza kupandikiza kwa kasi yake. Mtu akifanya kazi kando yako huwezi kumfukuza kirahisi, hasa kama anakusaidia bure. Gervas alifika kwenye tuta, akaona, akachanganyikiwa, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tuta hatua tano kutoka kwao, najidai napiga hesabu za magunia. Nilisikia yote.

Yule mwanamke aliitwa Anastasia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye mwendo wa huko atokako, na pale sisi tunaposema kulima yeye alisema kurima.

"Mama, umetumwa?" akauliza bila kuinuka.

"Sijatumwa. Nimekuja kuona mtu anayepandikiza ekari kwa sitini ana mikono mingapi."

"Miwiri."

"Jana mlipandikiza kiasi gani?"

"Ekari moja."

"Watu kumi na mmoja? Mlimaliza saa ngapi?"

"Giza riribaki kidogo riingie."

Pili akapandikiza miche mitatu, minne, akipiga hesabu. Watu kumi na mmoja wenye mikono ile wanamaliza ekari alasiri, wanabaki na muda wa kufua nguo.

"Nani alipima?"

"Huyu mrefu."

"Upande upi?"

"Pande zote." Sasa Anastasia aliinua kichwa. "Kwani kuna mtu mwingine wa kupima?"

"Na shamba zima alikwambia ni ekari ngapi?"

"Kumi."

Hapo Pili alisimama wima na miche mkononi, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Nami niliacha kujidai. Shamba la Hafidhi ni ekari kumi na mbili. Ndivyo lilivyo kwenye karatasi za skimu, ndivyo anavyolipia maji, na ndivyo alivyonunua mbolea, kwa sababu tulinunua duka moja. Pili amelipandikiza misimu mitano, kila jaruba analijua kwa nyayo. Ekari mbili zilikuwa zimepotelea mguuni mwa Gervas. Hawa watu walikuwa wanapandikiza kumi na mbili, wanalipwa kumi, tena kwa nusu bei.

Pili akainama tena. Akamweleza Anastasia mguu kwa mguu ni nini, polepole, maana asingeweza kuijua. Kwao, alisema Anastasia, shamba ni la mtu mwenyewe, halipimwi, kila mtu anajua mpaka wake.

"Sasa sikiliza," Pili akasema. "Sijaja kukuonea huruma. Bei yako inaniua."

"Na simu zenu zinaniua mimi," akajibu Anastasia. "Nikimwambia huyu bosi apime upya, atapiga simu moja tu. Ametuambia siku ya kwanza."

"Atakuwa mjinga. Miche yake ina siku ngapi?"

Anastasia akaitazama. Mtu aliyekulia kwenye mpunga haulizwi mara mbili. "Imezidi ishirini. Imeanza kurefuka."

"Ina siku ishirini na tatu. Na zamu yake ya maji inakwisha Ijumaa. Akikufukuza kesho, anapandikiza na nani? Na mimi tu. Mimi nikikataa, anapandikiza na Gervas."

Anastasia alitabasamu kidogo. "Na wewe ukikubari? Tukishatoka sisi, wewe unaingia kwa bei yako. Nitakuaminije, mama? Hunijui, sikujui."

Nilisubiri Pili aape. Hakuapa.

"Usiniamini. Hesabu. Nikikuuza leo, wiki ijayo analeta wengine wa bei yako ya sitini. Nitakuwa nimebadilisha sura tu, bei ileile. Faida yangu ni wewe ulipwe kama mimi. Ukilipwa kama mimi, hana sababu ya kukutafuta mpaka Kigoma."

Wakaendelea kupandikiza mpaka mwisho wa mstari. Kisha Anastasia akawaita wenzake kwa lugha yao, wakaongea wakiwa wameinama, mikono haisimami. Mwanaume mmoja alipandisha sauti, akaonyesha upande wa barabara. Anastasia akamjibu maneno mawili. Akamgeukia Pili.

"Anasema mkitudanganya tutarara jera. Nimemwambia kwa sitini ya ekari hii kubwa tutarara njaa. Tunajaribu."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale, na sikuwa na shida yoyote ya kuwa pale saa hizo. Watu kumi na mmoja wamekaa kwenye tuta la kulia, miguu mikavu. Wanawake kumi na wanne wamesimama kwenye tuta la kushoto, miguu mikavu. Katikati, miche imeng'olewa kitaluni tangu jana, vishada vimepangwa vinasubiri. Raya ameshika simu, kila mara anaangalia saa.

Hafidhi alifika na pikapu yake. Ni kijana wa miaka thelathini na tano, si mtu mbaya, amejijenga mwenyewe na anapenda ijulikane. Alimwona Pili, na malezi yake yakamlazimisha kuanza na shikamoo, ingawa alikuwa ameshakunja uso.

Pili hakuwa na haraka ya kuitikia. "Marahaba, Hafidhi mwanangu. Mama hajambo? Ule mguu wake?"

"Hajambo. Mama Dadi, hawa watu wangu umewafanya nini?"

"Nimewasalimia."

"Mbona wamekaa?"

"Waulize, ni watu wako."

Hafidhi akamgeukia Anastasia. Anastasia akasimama, maneno yamepangika. "Bosi, tunataka ekari ipimwe mguu kwa mguu. Na bei iwe moja na ya mama hawa."

Hafidhi alicheka, akatoa simu. "Nyinyi mmesahau mko wapi. Nawapigia Uhamiaji sasa hivi."

Yule mwanaume aliyepandisha sauti jana alishaanza kuokota kifurushi chake. Pili akapaza sauti ili asikike tuta hadi tuta.

"Piga. Raya, mpe namba, asihangaike kutafuta."

Nilimtazama Raya. Huyu ndiye aliyekuwa na dakika chache tu za kusubiri. Akatazama simu yake, akamtazama Hafidhi, na nadhani ndipo ilipomwingia kwamba tishio alilolibeba tangu jana lilikuwa mfukoni mwa bosi tangu mwanzo.

"Nakutajia, bosi?" akasema. "Lakini wakija watauliza aliyewaajiri ni nani. Nami nitakuwa hapahapa, mdomo wangu unaujua."

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Hafidhi akabaki na simu sikioni ambayo haikuwa imepigwa.

"Hafidhi," Pili akaendelea, "unalipia maji ya ekari ngapi?"

"Kumi na mbili, si unajua."

"Mbolea?"

Akanitazama mimi. Nikatazama mawingu.

"Kumi na mbili," akasema.

"Na wapandikizaji wameambiwa ni ekari kumi. Mbili zimekwenda wapi? Zimeota miguu?"

Watu wote wakamgeukia Gervas, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akijaribu kuwa mfupi. Hafidhi naye alimtazama kwa namna iliyonifanya nijue hakuwa ameijua hesabu yote. Alijua bei. Mguu ulikuwa ubunifu wa msimamizi, wa kumfurahisha bosi.

"Mia," akasema Hafidhi. Biashara ilikuwa imeanza, nami nikasogea karibu kana kwamba mzigo ni wangu.

"Ishirini juu yake, kama mwaka jana."

"Mama Dadi, mwaka jana mafuta yalikuwa bei nyingine."

"Na mwaka jana miche ilipandikizwa na siku ishirini na moja. Hii ya leo ni ishirini na nne. Mwulize mnunuzi wako huyu atakupa bei gani ya mpunga wa miche iliyozeeka."

Sasa hapo sikuweza kuangalia mawingu. Nikasema ukweli, kwamba mpunga wa miche iliyozeeka hauzai vizuri, na mimi nina mashamba mengine ya kuweka oda. Hafidhi alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake. Lakini mimi si mbwa wa mtu, na Ijumaa ilikuwa inamhusu yeye.

"Mia na kumi," akasema. "Mwisho."

"Mia na kumi, watu ishirini na watano wote, bei moja, na Ijumaa jioni shamba limekwisha," Pili akajibu harakaharaka, na hapo nikajua mia na kumi ndiyo aliyokuwa ameilenga tangu alipoamka. "Na ya juzi na jana inapimwa upya."

"Sawa. Ipimwe. Nani anapima upande wenu?"

"Raya," wanawake wakasema kwa sauti moja.

Raya akaingia mbele akajishika kiuno. Anamfikia Gervas kwenye kitovu. Hata Warundi waliokuwa hawajacheka tangu wafike walicheka.

"Haiwezekani," akasema Hafidhi. "Kwa mguu wa huyu shamba langu litakuwa mkoa."

"Na kwa mguu wa Gervas ni bustani ya nyanya," Raya akamjibu. "Bosi, mguu ni mguu. Mungu ndiye aliyekata."

"Atapima mama Dadi kama siku zote."

"Mimi nimechoka, goti linauma," akasema Pili, ambaye jana alikuwa amepandikiza mistari kumi bila kuinuka. Wakavutana. Hafidhi akamtaja Catherine, wanawake wakakataa kwa kuwa Catherine ni mrefu. Wakamtaja mama lishe, naye akasema yeye ana chapati motoni. Mwishowe Pili akaelekeza mkono tuta la kulia.

"Apime Anastasia. Si mrefu, si mfupi. Na ni mtu wako, Hafidhi, wewe ndiye uliyemleta. Utamkataaje?"

Hafidhi akamwashiria Gervas aanze. Gervas akapima urefu, safari hii kwa mwendo wa mtu anayetazamwa. Anastasia akapima upana. Alianza kwa hatua kubwa, za mtu aliyezoea kuwafurahisha wakubwa, na Raya akaruka naye kandokando juu ya tuta.

"Punguza, dada, punguza. Hujafukuzwa. Tembea kama umebeba ndoo. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Hivyohivyo."

Walipofika sabini wakachomeka kijiti. Kazi ya juzi, ekari moja ya Gervas, ikatoka ekari na robo kasoro kidogo. Shamba zima wakati lilipokwisha kupimwa likatoka kumi na mbili na kajaruba kamoja, ambako Hafidhi alikapigania kwa robo saa akashindwa.

Wakaingia majini watu ishirini na watano. Nimeona upandikizaji mwingi lakini sijaona ule. Kundi la kulia likianza wimbo wao, la kushoto linaongeza kasi. La kushoto likitania, la kulia linajibu kwa mistari. Raya na yule mwanaume wa vifurushi walishindana siku nzima bila kujuana majina.

Suala la karatasi lilibaki palepale. Pili alimwambia Anastasia bila kuzunguka, mbele ya wote: "Kibali siwezi kukupimia mimi. Hiyo nenda ofisini ukaulize kabla hujaulizwa." Anastasia akasema anajua, na kwamba nauli ya kwenda kuuliza nayo inatoka kwenye majaruba haya.

Siku ya tatu, Alhamisi, Yohana mwenye shamba la jirani alikuja na baiskeli. Alikuwa amekaa kimya wiki nzima akisubiri kuona bei ya Hafidhi itaangukia wapi. Akamsalimu Pili, akauliza. Pili akamwambia laki na kumi.

Yohana akashusha sauti, lakini si ya kutosha. "Na wale wa nje?"

"Waulize," Pili akasema, na akaendelea na kazi.

Raya aliacha kupandikiza. Na mimi nilisimama. Kwa sababu hapa palikuwa na mtu mmoja peke yake, asiye na karatasi, anayeweza kusema themanini na kuondoka na shamba zima la ekari nane, na Pili hakuwa na kamba ya kumfunga. Yohana akavuta baiskeli mpaka ng'ambo ya jaruba, akainama karibu na Anastasia.

"Dada, nina ekari nane. Nyie mtanifanyia kiasi gani?"

Anastasia alichomeka mche, akachomeka mwingine, hakugeuza hata shingo.

"Raki na kumi," akasema. "Na upande mmoja napima mimi."